Uchafu Ndani ya Mpira

Katika Kiswahili neno kuganda latumika kwa mambo mengi. Samli huganda kwa baridi, damu huganda jerahani, maziwa huganda kibuyuni, na utomvu wa mpira huganda unapotiwa ndimu. Mambo haya hayafanani yote. Samli iliyoganda hurudi kuwa majimaji ikipashwa moto. Lakini maziwa yaliyoganda hayarudi, na mpira ulioganda haurudi. Katika hayo mawili kuna kitu kilichokuwa kimetawanyika ndani ya maji kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho, kikakusanyika, kikajitenga na maji yake. Makala haya yahusu kujitenga huko. Historia ya mpira aghalabu husimuliwa kuwa historia ya miti, ya magurudumu na ya wafalme. Mimi naona kwamba yaweza kusomwa vizuri zaidi tukiitazama ile saa ambayo mpira ulitengwa na maji, tukauliza swali moja: ni nani aliyekuwa na haraka?

Nitaanza Karagwe, nchi iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanyika kuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Najua kwamba Karagwe haikusifika kwa mpira. Ilisifika kwa ng'ombe, kwa pembe za ndovu, kwa wahunzi wake na kwa kahawa. Lakini ziko sababu tatu za kuanzia huko. Ya kwanza ni kwamba nchi hiyo ni nchi ya maziwa, na mwenye kuyajua maziwa amekwisha kuujua mpira nusu yake. Ya pili ni kwamba mwaka 1876 alipita huko mtu ambaye safari yake iliyofuata ilifungua njia ya mpira wa Kongo. Ya tatu ni kwamba wakulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa wa leo walijua jambo ninalotaka kulieleza, ila wao huliita kwa jina jingine.

Basi kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Mpira, kama zilivyo nyuzi za pamba na kama ilivyo protini ya maziwa, ni polima. Maana yake, molekuli yake ni mnyororo mrefu uliofanyika kwa pingili ndogo zilizoungana moja baada ya nyingine. Pingili ya mpira ni isoprini, yenye kaboni tano na haidrojeni nane, na mnyororo mmoja waweza kuwa na maelfu ya pingili hizo. Katika utomvu mweupe utokao mtini, minyororo hiyo imejikunja ndani ya chembe ndogo sana, na kila chembe imevikwa ngozi nyembamba ya protini na mafuta. Ngozi hiyo ina chaji hasi ya umeme. Kwa kuwa chembe zote zina chaji ya namna moja, zinasukumana, wala hazigusani. Kwa hiyo utomvu hubaki majimaji. Mtu akitia asidi, hata iwe ya ndimu tu, chaji ile huondoka, chembe hukutana, hushikana, na mpira huwa donge. Maziwa nayo yana protini iitwayo kaseini, nayo hutawanyika kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Yakichachuka, asidi yake yenyewe huigandisha. Mama anayetunza maziwa mgando hufanya kazi ya mkemia bila kuvaa joho jeupe.

Yafaa pia tutofautishe jambo hili na lile linalotendeka katika maabara. Mkemia aliyekwisha kuunda polima mpya ndani ya chupa huwa nayo imeyeyuka kabisa katika kiyeyusho, kama sukari katika chai, wala si chembe zinazoelea. Ndani ya chupa hiyo hiyo zimo pingili ambazo hazikuungana, minyororo mifupi isiyotakiwa, na mabaki ya dawa iliyoanzisha kazi. Ili aipate polima yake, huchukua kioevu kingine ambacho polima haikipendi, tuseme methanoli, kwa kipimo kikubwa mara nyingi kuliko ule myeyuko wenyewe. Kisha humimina myeyuko wake humo tone kwa tone, huku akikoroga. Kila tone likiingia, minyororo mirefu hukosa mahali pa kukaa. Hujikunja na kuanguka chini ikiwa nyuzi nyeupe au unga. Takataka ndogo hubaki zimeyeyuka juu. Huchujwa, huoshwa, hukaushwa, na mara nyingi kazi huanzwa tena tangu mwanzo ili polima itakate zaidi.

Kazi hizi mbili, ya ndimu na ya methanoli, si kitu kimoja. Lakini zatawaliwa na sheria moja. Mwenye kumimina polepole, katika kioevu kingi, akikoroga, hupata kitu kilicho safi. Mwenye kumwaga kwa pupa hupata donge. Na donge, kwa nje likionekana zuri, kwa ndani limefunga kila kilichokuwamo: kiyeyusho, maji machafu, minyororo mifupi, mchanga. Haraka haraka haina baraka, wahenga wamesema. Nasi twaweza kuongeza kwamba katika kazi hii haraka huacha alama yake ndani ya kitu chenyewe, mahali ambapo mwanahistoria aweza kuisoma. Hilo ndilo neno langu: uchafu ulio ndani ya mpira ni ushahidi wa haraka, na kila haraka ina mwenyewe.

Sasa turudi Karagwe. Mwezi wa Novemba 1861 John Speke na James Grant walifika kwa Rumanyika, mfalme wa ukoo wa Bahinda, wakapokewa kwa heshima. Grant, aliyekuwa na kidonda mguuni, alikaa huko hata mwaka uliofuata. Mojawapo ya mambo waliyoyaandika ni wingi wa maziwa katika nyumba ya mfalme, ambako wanawake wa ukoo wa kifalme walinenepeshwa kwa kunyweshwa maziwa mchana kutwa. Twaweza kucheka desturi hiyo, lakini tusisahau kwamba palipo na maziwa mengi hivyo pana elimu ya vyombo, ya kufukiza moshi, ya kupima muda na joto, ya kujua ni lini maziwa yatakatwa na ni lini yatagandishwa kwa makusudi. Elimu hiyo haikuhitaji kulazimishwa. Aliyeyahitaji maziwa na aliyeyagandisha walikaa nyumba moja, na kibuyu kilichoharibika kilijulikana siku ile ile ni cha nani.

Mwezi wa Februari na Machi 1876 Henry Morton Stanley naye alikuwa Karagwe. Alimwona Rumanyika katika uzee wake, akatembea ziwani na katika mto Kagera, akazifikia hata chemchemi za maji moto za Mtagata, upande wa nchi ambayo leo ni Kyerwa. Kutoka Karagwe alishika njia ya kusini mpaka Ujiji, kisha akaelekea magharibi, akaufuata mto Kongo mpaka baharini, akafika Boma mwezi wa Agosti 1877. Jina la mwenyeji wake limebaki katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe iliyoanzishwa mwaka 2019. Jina la mgeni limebaki katika vitabu vya Kongo, maana kuanzia mwaka 1879 aliajiriwa na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, kumfungulia vituo katika mto ule.

Mwaka ule ule wa 1876, mwezi wa Juni, Mwingereza Henry Wickham alifikisha katika bustani ya Kew, London, mbegu 70,000 hivi za mti wa Hevea alizozitoa Brazili. Zilizoota zilikuwa chache, hazikufika 3,000. Lakini miche yake ilipelekwa Ceylon mwaka ule ule na Singapore mwaka uliofuata. Basi katika mwaka mmoja njia mbili za mpira zilianza kutengenezwa: moja ilipita katika misitu ya Afrika, ya pili katika mashamba ya Asia. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba mwaka 1888 John Dunlop angetengeneza gurudumu la mpira wenye hewa, na kwamba dunia ingeanza kuomba mpira kwa kelele.

Katika pwani yetu mpira ulikwisha kujulikana. Neno lenyewe, mpira, latuonyesha hivyo, kwa kuwa hutaja mmea utambaao msituni, tena hutaja utomvu wake ulioganda, tena hutaja tufe la kuchezea. John Kirk, balozi wa Uingereza katika Unguja, aliushughulikia sana mmea huo, hata wataalamu wa mimea wakauita mmoja wao Landolphia kirkii kwa jina lake. Katika nchi zilizo nyuma ya Kilwa na Lindi wachumaji walikata gome la mmea, wakaupokea utomvu, wakaugandisha kwa maji ya chumvi, au kwa ndimu, au kwa maji ya matunda mengine machachu. Wengine waliupaka mkononi mpaka ukashika, kisha wakaubandua na kuuviringa kuwa tufe. Chumvi na asidi: msomaji azikumbuke hizo mbili, maana tutakutana nazo tena mahali asipopatazamia.

Wanunuzi wa pwani walikuwa na lalamiko moja: mpira wa Kiafrika ni mchafu. Waliyapasua matufe, wakakuta vipande vya magome, mchanga na maji yaliyooza yenye harufu mbaya. Wakaandika kwamba Mwafrika ni mvivu na mdanganyifu. Neno hili limerudiwa mara nyingi, na lafaa kupimwa. Sehemu ya uchafu si kosa la mtu yeyote; mimea mingine ina utomvu wenye resini nyingi, na resini hiyo haitoki kwa ndimu. Sehemu nyingine ni tabia ya tufe lenyewe. Utomvu ukigandishwa kuwa tufe nene, maji yake hayana pa kutokea, nayo yana protini na sukari, kwa hiyo huoza ndani. Sehemu ya tatu ni hila, wala hatuwezi kuikana. Lakini hila ya mizani huzaliwa palipo na mizani. Tangu Wajerumani walipotangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, mtu alihitaji fedha kwa siku iliyowekwa na mwingine. Na aliyeuza kwa uzito, kwa bei asiyoipanga yeye, hakuwa na sababu ya kukaa siku tatu akiosha mpira ili upungue uzito wake.

Katika Kongo jambo hili lilifika mwisho wake. Baada ya mkutano wa Berlin, ulioisha mwaka 1885, Leopold aliifanya nchi ile kuwa mali yake, akaigawa misitu kwa makampuni. Mpira haukununuliwa tena, ulidaiwa. Kila kijiji kilipewa kipimo cha kuleta, walinzi wenye bunduki wakawekwa, wanawake wakashikwa rehani mpaka waume zao warudi kutoka msituni. Mwaka 1890 Kongo ilitoa kiasi cha tani 100 za mpira. Mwaka 1901 ilitoa tani 6,000 hivi. Mwaka 1903 sheria ilitamka kwamba kodi ya kazi isizidi saa 40 kwa mwezi, lakini hakuna aliyeweza kuleta kipimo kilichotakiwa kwa saa hizo, maana mimea iliyo karibu ilikuwa imekwisha kukaushwa. Watu waliikata mizizi, wakaiponda, wakachanganya chochote. Taarifa ya balozi Roger Casement iliyochapishwa mwaka 1904 ilieleza habari za mikono iliyokatwa, za vijiji vilivyohama na za njaa. Mwaka 1908 dola ya Ubelgiji ilimnyang'anya Leopold nchi ile.

Sasa na tulitazame tena lile tufe chafu. Utomvu ni ule ule, na maji machachu ya kuugandisha yapo katika kila msitu. Hakuna hata hatua moja katika kazi ile inayohitaji bunduki. Bunduki haikuugandisha mpira. Bunduki ilileta kipimo na siku, na kipimo na siku ndivyo vilivyotia mchanga ndani ya tufe. Mfanyabiashara wa Antwerp aliyelipasua tufe, akauona mchanga, akalaumu mkono ulioliviringa, alikuwa ameshika barua iliyoandikwa na mwajiri wake mwenyewe, ila hakujua kuisoma.

Upande wa pili wa dunia njia ilikuwa nyingine. Katika Ceylon, kwenye miaka ya 1898 na 1899, mtaalamu wa mimea John Parkin alichunguza namna ya kuugandisha utomvu wa Hevea, akaonyesha kwamba asidi ya siki, ikitiwa kwa kipimo kidogo kilichohesabiwa, yaugandisha vizuri na sawasawa. Utomvu huchujwa, huongezwa maji, hutiwa asidi katika sinia, na donge lake laini hupitishwa katika mashine ya kubana na kuoshwa mpaka liwe kipande chembamba. Kipande chembamba hakina mahali pa kuficha maji wala mchanga. Mnunuzi akikiinua juani huona nuru upande wa pili. Wanahistoria wametaja sababu nyingi za ushindi wa mashamba ya Malaya, kama ardhi, vibarua wa bei nafuu kutoka India, na mti wenyewe uzao sana. Zote ni kweli. Lakini tusiache hii: katika mashamba yale wakati wa kuganda ulipewa haki yake.

Wajerumani katika Tanga, Usambara na Morogoro walipanda mti mwingine wa Brazili, uitwao Manihot glaziovii, jamaa ya muhogo. Utomvu wa mti huo ni mzito, hautiririki vizuri kikombeni. Kwa hiyo katika mashamba yetu ulitumika ufundi unaojulikana kwa jina la Lewa. Shina lilipakwa maji machachu kwanza, kisha likachomwachomwa kwa kisu, na utomvu ukaganda pale pale juu ya gome ulipotokea. Mfanyakazi akaubandua na kuuviringa. Ni ufundi wa haraka, nao ulikuwa na adhabu yake: gome na vumbi viliviringwa pamoja na mpira. Maadamu bei ilikuwa juu hakuna aliyejali. Mwezi wa Aprili 1910 bei katika soko la London ilipita shilingi 12 kwa ratili. Mwaka 1913, mpira wa Malaya ulipofurika sokoni, ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 4, na mashamba ya Afrika Mashariki Mjerumani yakaanza kuachwa au kung'olewa na kupandwa mkonge. Soko lilipopata nafasi ya kuchagua, lilichagua kipande kinachopitisha nuru.

Wakati huo huo wanakemia walikuwa wakitafuta njia ya kufanya mpira bila mti. Michael Faraday aliupima mpira mwaka 1826, akajua hesabu ya kaboni na haidrojeni yake. Mwaka 1860 Charles Greville Williams aliuchoma mpira akapata isoprini. Mwaka 1879 Mfaransa Gustave Bouchardat aliigeuza isoprini kuwa kitu kinachofanana na mpira. Mwaka 1909 Fritz Hofmann, wa kampuni ya Bayer, alipata hataza ya mpira wa kuundwa, na katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani, waliozibiwa bahari, walitengeneza kiasi cha tani 2,400 za mpira wa namna hiyo, usio mzuri sana. Hata hivyo wenyewe hawakuelewa walichokifanya. Wataalamu wengi waliamini kwamba mpira ni kundi la molekuli ndogo zilizoshikamana tu. Mwaka 1920 Hermann Staudinger alisema la, ni mnyororo mmoja mrefu ulioungana kwelikweli. Alipingwa kwa miaka mingi. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1953.

Kuanzia mwaka 1929 Wajerumani waliunda mpira bora zaidi, uitwao Buna S, kwa kuunganisha butadieni na stirini. Waliufanya ndani ya maji yenye sabuni, hata ukatoka ukiwa chembe ndogo zilizotawanyika, mweupe kama maziwa, mfano wa utomvu wa mti. Na walipotaka kuupata kutoka katika maji yale walifanya nini? Walitia chumvi na asidi. Wamarekani nao, baada ya mwaka 1942, walijenga viwanda vilivyotoa kufikia mwaka 1945 zaidi ya tani 700,000 kwa mwaka, na katika viwanda hivyo utomvu wa kuundwa ulimiminiwa maji ya chumvi, kisha asidi ya salfa iliyozimuliwa, ukaanguka vipande vidogo, ukaoshwa, ukakaushwa. Elimu mpya yote ilikuwa katika kuunda mnyororo. Katika kuutenga mnyororo na maji, mkemia alikuja kusimama pale pale aliposimama mchumaji wa Kilwa na ndimu yake.

Mtu angetumaini kwamba mpira usiohitaji msitu hautahitaji tena watumwa. Haikuwa hivyo. Kampuni ya I.G. Farben ilijenga kiwanda cha Buna huko Monowitz, karibu na Auschwitz, kwa nguvu za wafungwa ambao maelfu yao walikufa kwa njaa, kwa baridi na kwa kupelekwa katika vyumba vya sumu. Kiwanda hicho hakikupata kutoa mpira hata kidogo. Na huku kwetu, Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942, Waingereza waliyakumbuka mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu zamani za Wajerumani. Mashamba ya Tanganyika yalifunguliwa tena, na watu waliandikishwa kwa lazima kwenda kugema miti iliyozeeka. Katika Kongo ya Wabelgiji siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira, miaka 34 tu baada ya Leopold kuondolewa. Kwa hiyo si kweli kwamba ufundi mpya huondoa dhuluma ya zamani. Ufundi hubadili mahali pa kazi. Swali la nani mwenye haraka, na nani atailipia, hubaki.

Hapa ndipo ninaporudi Karagwe na Kyerwa, maana sikutaja kahawa bure. Mkulima wa huko ana buni shambani, na buni njema hutaka mambo mawili: ichumwe ikiwa nyekundu, na ianikwe juu ya kichanja au turubai, si juu ya udongo. Kila mkulima ajua hivyo. Alifundishwa na wazee kabla ya kufundishwa na mabwana shamba. Lakini iko desturi iitwayo butura. Mtu mwenye shida, ada ya shule imemfika, au mgonjwa, au msiba, huuza kahawa yake ingali maua au ingali mbichi mtini, kwa bei ndogo, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Serikali imeikataza butura mara nyingi. Mwenye fedha hutaka chake upesi. Na yule aliyekwisha kuila bei hana tena faida ya kungoja. Kahawa huchumwa mbichi pamoja na mbivu, huanikwa popote, huingia guniani na vumbi lake. Kisha ikifika ghalani husemwa kwamba wakulima wa Kagera hawajali ubora.

Kahawa si mpira, na butura si bunduki ya Leopold. Atakayevilinganisha kwa uzito atakuwa amewakosea waliokufa. Lakini namna ya kusoma ni moja. Buni mbichi ndani ya gunia, kama mchanga ndani ya tufe, yatuambia kwamba aliyefanya kazi na aliyepanga muda wa kazi hawakuwa mtu mmoja. Hatuwezi kuiondoa kwa kumhubiria mchumaji habari za uvumilivu. Yafaa kumtafuta mwenye haraka, na kumpa mkulima njia ya kupata fedha ya shida bila kuuza maua, ndipo tumwulize habari za ubora.

Nawausia wanafunzi wa historia jambo moja la kazi. Tumezoea kutafuta habari katika barua za magavana na hesabu za makampuni, nazo zina faida kubwa. Lakini waliochuma mpira hawakuandika barua. Walichoacha ni vitu: matufe yaliyopasuliwa yaliyohifadhiwa katika makumbusho, makovu katika mashina ya miti ya Tanga, malalamiko ya wanunuzi juu ya uchafu. Mkemia akitaka kujua polima yake imetengwa namna gani huipima takataka iliyobaki ndani yake, kwa kuwa takataka hiyo humweleza kama mkono uliomimina ulikuwa mpole au wa pupa. Mwanahistoria naye akiyasoma malalamiko yale, asiishie kuuliza ni mkono wa nani uliotia mchanga. Aulize pia ni nani aliyeweka siku.